Mashahidi Yaliyohamishwa: Thomas Hardy na Makaburi ya St Pancras

Tarehe 27 Desemba 2022 mti mmoja ulianguka London, na magazeti ya Uingereza yakauandikia tanzia kana kwamba aliyefariki ni mtu. Ulikuwa umeota katika uwanja wa kanisa kongwe la St Pancras, na kulizunguka shina lake yalipangwa mamia ya mawe ya makaburi, yamesimama ubavu kwa ubavu, safu nyuma ya safu, hata mizizi ikawa imeyapanda yale ya ndani na kuanza kuyameza. Watu waliuita Mti wa Hardy. Ilisimuliwa kwamba Thomas Hardy, kabla hajajulikana ulimwenguni kwa riwaya na mashairi yake, alikuwa kijana mchoraji wa majengo. Akapewa kazi ya kusimamia ufukuaji wa makaburi hayo ili reli ipate kupita. Na kwamba ni yeye aliyeyakusanya mawe yaliyobaki bila wenyewe, akayapanga kwa heshima chini ya mti ule.

Nusu ya kwanza ya hadithi hiyo ni kweli. Nusu ya pili haina ushahidi. Ipo picha iliyochapishwa mwaka 1926, Hardy mwenyewe angali hai, inayoyaonyesha mawe yamerundikwa vilevile, na katikati yake hapana mti. Basi mahujaji wote wale wa fasihi waliokwenda kuligusa gome lile na kumkumbuka mtunzi waligusa kitu ambacho yeye hakupata kukiona.

Sikusudii kuwaharibia watu ladha ya hadithi yao. Nimeanza na kosa la mti kwa sababu lina ndugu yake katika uhakiki. Kama vile mti ulivyobandikwa jina la Hardy, ndivyo pia makaburi ya St Pancras yalivyobandikwa utungo usiokuwa wao. Na utungo ambao kwa maoni yangu unayahusu zaidi ukaachwa pembeni. Makosa haya mawili yanasaidiana kumwonyesha Hardy kama mwombolezaji. Tungo zake zenyewe, zikisomwa kwa utulivu, zinamweka mahali pengine kabisa, pasipo na raha.

Yafaa kwanza nimweleze msomaji wa kwetu mahali penyewe. Katika madhehebu ya Kianglikana mambo ya kale yalikuwa hivi: maiti wa mtaa huzikwa katika uwanja unaolizunguka kanisa la mtaa huo, katika ardhi iliyowekwa wakfu na askofu. Uwanja si mkubwa, wala mtaa haukomi kufisha watu. Kwa hiyo kaburi juu ya kaburi ndilo lililokuwa jambo la kawaida, na mwenye kaburi la peke yake kwa miaka mia alikuwa mtu wa bahati au wa mali. Kanisa la St Pancras lilikuwa nje ya mji, katikati ya mashamba, kando ya mto Fleet ambao leo umefukiwa na hutiririka chini ya barabara kama mtaro wa maji machafu. Wakatoliki wa London walipendelea kuzikwa hapo, na baada ya mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 wakaongezeka wakimbizi wa Kifaransa: makasisi, makabaila, na watu wao. Alizikwa hapo Johann Christian Bach mwanamuziki mwaka 1782, Chevalier d'Éon mwaka 1810, na John Polidori, mwandishi wa hadithi ya mnyonya damu, mwaka 1821. Alizikwa hapo Mary Wollstonecraft mwaka 1797, siku chache baada ya kumzaa binti aliyekuja kuwa Mary Shelley. Binti huyo hakumjua mama yake ila kwa jiwe lake, na kwenye jiwe hilo ndipo alipokuwa akikutana na Percy Shelley mwaka 1814 kabla hawajatoroka pamoja. Mifupa ya Mary Wollstonecraft haipo tena hapo. Mwaka 1851 ilipelekwa Bournemouth. Jiwe limebaki. Kwa hiyo hata kaburi mashuhuri kuliko yote ya uwanja ule ni shahidi lisilokuwa na mtu chini yake.

Natumia neno shahidi kwa makusudi. Sisi watu wa visiwani mawe au vibao viwili vya kaburini, cha kichwani na cha miguuni, tunaviita mashahidi. Jiwe hilo tumeliita kwa jina la mtu anayesimama mbele ya kadhi. Shahidi kazi yake ni kusema kweli juu ya jambo alilolishuhudia, na shahidi aliyehamishwa anaendelea kusema, ila sasa anasema uongo bila ya kujua.

Mwaka 1854 uwanja ulifungwa. Sababu ilikuwa ileile iliyovifunga viwanja vingi vya katikati ya London chini ya sheria ya mwaka 1852: maiti walikuwa wengi kuliko udongo, kipindupindu kilikuwa kimepita mara kadhaa, na walio hai walianza kuwaogopa majirani zao wa chini. Haukupata kupumzika sana. Katika miaka ya 1860 kampuni ya reli ya Midland ilijenga njia ya kuingilia mjini, na njia hiyo ilikata sehemu ya makaburi. Kwa kuwa ardhi ilikuwa wakfu, Askofu wa London alitaka mtu wa kumwakilisha, akamteua mjenzi Arthur Blomfield, ambaye baba yake aliwahi kuwa Askofu wa London. Blomfield alikuwa na hofu, maana palikuwa na uvumi kwamba katika kazi kama hiyo mahali pengine maiti hawakuzikwa upya kama ilivyoahidiwa. Akaweka msimamizi wake pale saa zote za kazi, na jioni akampeleka kijana wa ofisini kwake aende kwa nyakati zisizotarajiwa, ahakikishe kwamba kazi inafanywa kwa adabu. Kijana huyo alikuwa Hardy, aliyekuja London kutoka Dorset mwaka 1862 akiwa na umri wa miaka 21.

Habari hizi tunazo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1928 kwa jina la mkewe, ingawa inafahamika kwamba sehemu kubwa aliiandika yeye mwenyewe. Maiti walifukuliwa usiku, nyuma ya uzio mrefu wa mbao, kwa mwanga wa taa za moto. Majeneza yaliyokuwa mazima yalibebwa yalivyo. Yaliyopasuka, mifupa ilihamishiwa katika majeneza mapya. Usiku mmoja jeneza lilivunjika, na ndani yake mkatoka mifupa ya mtu mmoja na mafuvu mawili. Miaka mingi baadaye Blomfield alipokutana na Hardy jambo la mwanzo alilomkumbusha ni yule mtu wao wa vichwa viwili. Walicheka. Naomba msomaji aweke kicheko hicho kando kwa muda, tutakirudia.

Utungo unaotajwa kila mara pale St Pancras inapotajwa ni The Levelled Churchyard, yaani uwanja wa makaburi uliosawazishwa. Una beti sita za mishororo minne, na vina vyake vinapokezana, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Mizani ni minane na sita, minane na sita, ambayo ni mizani ya nyimbo za kanisani. Mwingereza yeyote wa zama hizo angeweza kuuimba kwa sauti aliyoizoea Jumapili. Wanaosema ni maiti. Wanamwita mpita njia, wanamwomba asikilize kilio chao kilichozibwa nusu chini ya rundo la mawe yaliyong'olewa. Wamechanganyika wote, hakuna anayejua yeye ni nani. Maneno mema yaliyoandikwa kwa ajili ya wacha Mungu sasa yamewaangukia waovu, na mlevi amepata sifa za mtu asiyegusa pombe. Majina yao, kama bado yanasomeka, yametandikwa njiani mahali ambapo hawakuzikwa kamwe. Mwanamwali mwenye staha anaiogopa siku ya parapanda asije akafufuka nusu yake mwenyewe na nusu ya pili ya malaya.

Ubeti huo wa mwanamwali ndio unaopendwa na wengi, na kwangu mimi ndio dhaifu kuliko yote. Ni mzaha wa baa. Ubeti wenye uzito ni wa nne, ule wa majina yaliyotandikwa njiani, kwa sababu hapo mtunzi anaacha kucheza na maiti na kumgeukia aliye hai: wewe mpita njia unayeombwa usikilize, huenda unakanyaga jina la mtu sasa hivi. Na ubeti wa mwisho ni wa ustadi mkubwa. Umejengwa kwa mfano wa dua maarufu ya kitabu cha sala cha Kianglikana, ambamo kasisi hutaja balaa moja baada ya nyingine, kama vile radi, tauni, vita na kifo cha ghafla, na waumini huitikia wakimwomba Mungu awaokoe nazo. Hardy anaondoa radi na tauni. Mahali pake anatia ukarabati wa makanisa, usawazishaji wa nyasi, na ari ya wanakanisa wenye sururu na randa. Dua ya kanisa inaombwa dhidi ya kanisa.

Huu ni utungo mzuri. Ila si wa St Pancras. Hardy aliutia mwaka 1882, alipokuwa akikaa Wimborne katika Dorset, mji ambao uwanja wa kanisa lake kuu ulikuwa umesawazishwa na mawe yake kuondolewa. Ulichapishwa katika mkusanyo wake wa pili wa mashairi, mwanzoni mwa karne ya 20. Tena maudhui yake yenyewe yanakataa reli. Hapana treni ndani yake, hapana usiku, hapana taa wala uzio. Adui ni mpenda usafi anayetaka uwanja upendeze. Wanaoubandika London wanafanya kosa lilelile ambalo utungo unalilalamikia: wamechukua jina na kulitandika mahali ambapo mwenyewe hajazikwa.

Lakini lipo jambo zito zaidi. Hardy mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wenye sururu na randa. Kwa miaka mingi riziki yake ilitokana na kukarabati makanisa ya kale, na mwaka 1906 aliandikia jumuiya ya kuhifadhi majengo ya kale hotuba ya kukumbuka kazi hiyo, hotuba iliyojaa majuto. Mwaka 1882, hata hivyo, katika beti hizi sita, majuto hayo hayapo. Waliokosa ni wengine. Mtunzi amesimama upande wa maiti, anawaazima sauti, na mikono yake ni misafi.

Msomaji wa pwani hawezi kufika hapa asimkumbuke Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na Al-Inkishafi yake. Nasi tumelelewa na utungo wa magofu na makaburi. Twajua nyumba za Pate zilivyopambwa, taa zake na vyombo vyake, na tunajua zidaka zake sasa zinakaliwa na nani. Katika Al-Inkishafi maiti hawasemi. Mtunzi anauliza wako wapi waungwana wale, na hapana wa kumjibu. Ukimya wao ndio jibu. Kwa Hardy maiti ni wasemaji kupita kiasi, wana malalamiko kama watu waliopanga foleni ofisini. Tofauti hiyo inatokana na aliyeleta maangamizi. Pate iliangushwa na dahari na kudura, na mbele ya kudura hapana wa kushitakiwa. Uwanja wa Wimborne ulisawazishwa na kamati, na kamati ina anwani.

Hata desturi zetu za kupita kaburini zinatazama upande wa pili. Kwetu mpita njia ndiye anayewasalimia watu wa makaburini, na haifikirii akilini mwake kwamba wao watamsimamisha. Kwa Wazungu, tangu zama za Kirumi, jiwe ndilo linalomwita mpita njia asimame asome. Hardy anaitumia desturi hiyo kwa kejeli, maana katika utungo wake mawe yametawanywa na maiti imewabidi wajiitie wenyewe.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ile ya nani anayelaumiwa. Sayyid Abdalla, akiwa na nchi nzima ya kuilaumu, anaugeukia moyo wake mwenyewe. Ndio anaouamsha, ndio anaoukemea, na magofu yote yale ni hoja anazoutolea moyo usiosikia. Katika kupima tungo hizi mbili kwa unyofu wa mtunzi, sioni haya kusema kwamba wa Siu na Lamu amemtangulia mbali wa Dorset. Hardy ilimchukua miaka mingine thelathini kufika hapo, naye alifika kwa mlango wa nyuma.

Utungo huo wa pili ni In the Cemetery. Ni mfupi, mishororo 14 tu, na umo katika mfululizo wa vitungo 15 vya kejeli vilivyomo katika kitabu chake cha mwaka 1914. Msemaji ni mlinzi wa makaburi, anazungumza na mtu asiyejibu. Anamwonyesha akina mama wanaogombana juu ya kaburi. Huyu analia kwamba aliyelala hapa ni mwanangu, yule anasema ni wangu mimi, na wa tatu anafoka kwa nini maua yake yameondolewa yakawekwa mengine. Mlinzi anaeleza kwa upole wa mtu aliyezoea: watoto wao wote walizikwa humo humo kwa nyakati mbalimbali, wakibanwa kama dagaa wa koponi. Kisha mtaro mkubwa ulilazimika kupita hapo. Basi tuliwahamisha wote juzi usiku, tukawatia katika shimo la jumla pamoja na mamia wengine. Watu wao hawajui. Na kama ni kulia ili upate nafuu, mtaro mpya unafaa kuliliwa kama kitu kingine chochote.

Huo ndio utungo wa St Pancras. Hautaji St Pancras, wala hautaji reli, na sina haja ya kudai kwamba Hardy aliutunga akiwa na uwanja ule machoni. Ninachodai ni kwamba vyote alivyoviona kijana yule vimo humu, na havimo katika The Levelled Churchyard. Usiku umo. Kazi ya lazima isiyokuwa na mkosaji imo, maana mtaro lazima upite kama reli ilivyolazimika kupita. Maiti zaidi ya mmoja katika jeneza moja wamo. Na kicheko cha Blomfield kimo, kile nilichoomba kiwekwe kando: kicheko cha watu wawili waliokuwapo, wanaojua, na ambao wamejua kwa muda mrefu kiasi cha kuweza kucheka.

Jambo lenyewe limo katika kiambishi kimoja. Mlinzi hasemi walihamishwa. Anasema tuliwahamisha. Katika tungo zote za Hardy za makaburini, nazo ni nyingi, nasikia mara nyingi maiti wakizungumza na walio hai wakiombea au wakisahau. Hapa nasikia sauti ya waliobeba. Hadithi ya mti inamweka Hardy upande wa waliokusanya mawe kwa huruma. Utungo huu unamweka upande wa taa za moto, nyuma ya uzio, pamoja na wenye kujua. Ndiyo maana naona kwamba wahakiki wanaousoma kama mzaha mchungu juu ya ujinga wa akina mama wameusoma kinyume. Akina mama hawadhihakiwi. Wao wanafanya wanalolijua: wanalia, wanagombea, wanaweka maua. Anayewekwa mbele ya macho yetu ni mtu yule anayejua na hawaambii. Je, kunyamaza kwake ni rehema au ni kuficha? Mtunzi hakutusaidia, na msikilizaji aliyemo ndani ya utungo, ambaye angeweza kuuliza, hafunui kinywa.

Nakiri kwamba siusomi utungo huu kwa utulivu ninaowataka wengine wausome nao. Bibi yangu mzaa mama alizikwa kando ya njia ya shamba kabla sijazaliwa. Njia ilipanuliwa ikawa barabara. Kazi ilifanywa kwa haraka, na ilani, kama ilitolewa, haikutufikia. Tulipokwenda kuzuru mwishoni mwa Shaabani, kama ilivyo desturi, tulikuta udongo umesawazishwa na mashahidi kadhaa yameegemezwa kwenye mwembe, mengine yamevunjika. Hayakuwa na maandishi. Ya kwetu mara nyingi hayana. Tangu siku hiyo mama mkubwa anasema kaburi liko karibu na mkungu, na mama mdogo anasema hapana, liko chini ya ukingo wa barabara, alihesabu hatua alipokuwa mdogo. Wamebishana kwa miaka. Kila mwaka tunasoma Yasini mara mbili, kila mmoja mahali pake, na sisi watoto wao tunafuata huku na kule. Nilipousoma utungo wa Hardy kwa mara ya kwanza niliufunga ule mkusanyo. Halikuniumiza neno la mtaro. Liliniumiza lile la kwamba yupo anayejua. Kwa sababu yule mtu wetu naye yupo, aliyeshika sepetu siku ile. Yumkini ni mtu mwema, ana watoto, na hunisalimu njiani.

Kwa wafasiri wa dini thawabu haiulizi anwani, na masheikh wametuambia hivyo, nasi tumekubali. Mlinzi wa Hardy kwa namna yake ya kikatili anasema jambo linalofanana na hilo: lia popote. Ila linapotoka kwa sheikh ni faraja, na linapotoka kwa aliyehamisha ni kitu kingine. Maneno yaleyale. Hapo ndipo ninapoona ukubwa wa kitungo kile, na sioni kwamba The Levelled Churchyard, pamoja na ufundi wake wote, imewahi kufika karibu na hapo.

Historia ya uwanja wenyewe iliendelea bila ya washairi. Mwaka 1877 sehemu iliyobaki ilifanywa bustani ya watu wote, na miaka miwili baadaye tajiri Angela Burdett-Coutts akasimamisha mnara wenye saa ya jua, ukaandikwa majina ya watu waliopotelewa na makaburi yao. Mwaka 2002 na 2003 reli ilirudi tena, safari hii kwa ajili ya treni za kwenda Ufaransa kupitia chini ya bahari, na zaidi ya maiti 1,000 walifukuliwa. Waakiolojia walilazimika kugombana na wajenzi ili wapewe nafasi ya kufanya kazi kwa mikono badala ya mashine. Miongoni mwa waliopatikana alikuwa Arthur Richard Dillon, Askofu Mkuu wa Narbonne, aliyefia uhamishoni London mwaka 1806. Alitambuliwa kwa bamba la jeneza lake, na mdomoni alikuwa bado na meno yake ya bandia ya kauri. Mwaka 2007 alirudishwa Narbonne. Si mbali na hapo, pembeni mwa stesheni ya Euston, uwanja mwingine wa Kianglikana uliofungwa ulichimbwa kwa ajili ya reli mpya, na Januari 2019 akaonekana nahodha Matthew Flinders, aliyeizunguka Australia kwa jahazi. Yeye naye alitambuliwa kwa bamba la risasi lenye jina lake, akazikwa upya kijijini kwao Donington mwaka 2024. Maelfu waliolala pamoja naye, ambao mabamba yao yalikuwa ya bati na yakaliwa na kutu, walipelekwa Brookwood kwa pamoja.

Kama yuko malenga wetu anayefikiria kumfasiri Hardy kwa Kiswahili, namwomba aanze na In the Cemetery, na aanze na mlinzi. Matusi ya akina mama yatamsumbua, kwa sababu mmoja anamwita mwenzake Farisayo, na neno hilo kwetu halina makali ya mtaani. Atafute tusi la kisimani. Dagaa hawatamsumbua. Mtaro upo. Ila akifika kwenye kile kitenzi cha usiku asikiweke katika kauli ya kutendwa, hata kama mizani itamwomba afanye hivyo.